Kipanga, Winga wa Kulia

Jumapili, 6 Oktoba 1968

Betri zimekaa juani juu ya paa tangu asubuhi. Zikichoka huziweka hapo. Zikipata moto husukuma saa mbili zaidi. Leo ligi ya kwetu Unguja imeanza, sikutaka kukosa. Redio hii kaileta mume wangu kutoka Kuwait alipokuja likizo. Alidhani ntasikiliza taarabu.

Funguni na Makunduchi. Wametoka sare, moja kwa moja. Nusu ya kwanza sauti ilikuwa safi, kama mtangazaji yuko chumba cha pili. Wakati wa mapumziko nikasali Maghribi. Nusu ya pili mawimbi yakaanza kupanda na kushuka.

Karibu na mwisho mtangazaji kasema: mpira kwa Kipanga, winga wa kulia. Kipanga anampita beki. Kipanga anarudisha ndani.

Bimkubwa, mama yangu, alikuwa akichambua mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Umesikia," kasema. Hakuuliza.

Nimesikia.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kazini zahanati siku nzima. Nimehisabu vidonge vya mgonjwa mmoja mara tatu.

Niandike wazi, hakuna wa kusoma. Kipanga ni mdogo wangu Nassor. Jina alipewa uwanjani, kwa vile alivyokuwa akishuka pembeni na kunyakua mpira. Aliichezea Funguni miaka saba. Januari ya sitini na nne, mapinduzi yalipoingia, alitoka asubuhi kumtafuta rafiki yake. Hakurudi. Hatukupata maiti, hatukupata khabari. Baadaye tukapanda meli, mimi, Bimkubwa na Baba, tukaja Maskati kwa watu ambao Baba alikuwa akiwajua kwa majina tu. Baba alikufa kabla ya mwaka kwisha.

Bimkubwa hajapata kusema Nassor kafa. Husema: hajaja.

Alhamisi, 10 Oktoba

Bimkubwa kaenda sokoni peke yake. Tangu tufike hapa hajavuka lango bila ya mimi. Karudi na kitambaa cheupe na nyuzi. Anamshonea Nassor kofia. Macho yake hayaoni tundu la sindano, nikamtungia. Nikamtungia sindano sita, nikazichomeka kwenye mto ili asiniite kila mara.

Kala samaki mzima usiku. Nimefurahi na nimeogopa.

Jumapili, 13 Oktoba

Funguni mbili, Mkokotoni bila. Bao la pili kafunga Kipanga. Kwa mguu wa kushoto, kasema mtangazaji, kombora la mguu wa kushoto.

Nassor mguu wa kushoto alikuwa akiutumia kusimamia tu. Baba alikuwa akimcheka.

Miaka karibu mitano. Mtu anaweza kujifunza mguu. Nimejiambia hivyo mpaka nikaamini. Bimkubwa kanitazama usoni, nikasema, ndiye, mama, nani mwingine anayeitwa hivyo.

Kwa nini nimesema?

Jumatano, 16 Oktoba

Nnajua kwa nini nimesema.

Siku ya pili ya mapinduzi Bimkubwa alikuwa kwa dada yake, Shangani. Nyumbani tulikuwa mimi na Baba. Baada ya Adhuhuri mlango ukagongwa. Si kwa fujo. Mara tatu, kisha mara tatu. Mtu akaita, "Raya." Sauti ya chini, imekauka. Nikainuka. Baba akanishika mkono. Tulikuwa tumeusukuma mlango kwa sanduku kubwa la nguo. Baba akatikisa kichwa. Nikakaa.

Ikagongwa tena. "Raya." Kisha nyayo, zikienda upande wa msikiti.

Sikumwambia Bimkubwa. Baba hakumwambia. Sisi wawili hatukuisema hata kati yetu, mpaka anakufa. Lakini nilimwona Baba kila mlango ulipogongwa. Uso wake ulikuwa ukishuka.

Alikuwa Nassor. Nani mwingine angeniita jina?

Ikiwa Kipanga yuko uwanjani, basi alinusurika. Basi sikumwua.

Ndiyo maana nnasikiliza.

Jumapili, 20 Oktoba

Tumefungwa tatu kwa moja. Bao letu kafunga Kipanga. Mtangazaji kamwita "kijana huyu chipukizi". Nassor atakuwa na miaka ishirini na tisa sasa.

Bimkubwa kasema watangazaji humwita kila mtu kijana. Kofia imefika nusu. Mishono inakwenda kombo upande mmoja. Haoni, na mimi sikumwonyesha.

Jumanne, 22 Oktoba

Zahanati yetu ina madirisha mawili, la wanaume na la wanawake. Mimi nakaa nyuma ya yote mawili, natengeneza dawa. Leo nikamwambia Mary, muuguzi wa Kihindi, kwa Kiswahili nilichomfundisha, anipe chupa ya dawa ya zambarau. Upande wa wanaume mtu akasema:

"Huyo ni mtu wa kwetu. Nani?"

Nikachungulia. Mzee mwembamba, mguu umefungwa kitambaa. Nikamjua kabla hajainua uso. Khalfan, aliyekuwa akitunza jezi na mipira ya Funguni. Alikuwa akizifua jezi uani kwake na kuzianika kwa namba, moja mpaka kumi na moja.

Kafika wiki iliyopita, kwa njia ya Mombasa na Dubai. Amefikia kwa binamu yake, karibu na bandari ndogo. Kidonda cha mguu kinanuka.

Kaniuliza Bimkubwa hajambo. Nikamwambia hajambo. Kanitazama kama anayesubiri niulize. Sikuuliza. Nikampa dawa na kumwambia arudi Ijumaa asubuhi, kidonda hakingoji.

Ijumaa, 25 Oktoba

Kaja. Nikamwachia Mary. Nikaingia stoo, nikasimama kati ya magunia ya pamba mpaka nikasikia fimbo yake ikitoka.

Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga na bado.

Jumapili, 27 Oktoba

Bila kwa bila. Kipanga kagonga mwamba. Bimkubwa kashika kifua.

Baada ya mpira kanitaka nimwandikie barua, kwa anuani ya klabu. Kaniambia maneno naye kafumba macho. Kwamba sote wazima. Kwamba Baba kenda kwa Mola wake. Kwamba kuna chumba kimoja kinachoingia upepo, ni chake. Kwamba hana hasira kwa kutoandika, anajua mambo ya huko. Nikaandika neno kwa neno. Imo ndani ya kitabu hiki. Siwezi kuipeleka na siwezi kuichana.

Jumapili, 3 Novemba

Mawimbi mabaya. Nimeshika waya wa redio kwa mkono muda wote wa nusu ya pili, nimesimama juu ya kigoda. Funguni wameshinda moja bila, dhidi ya timu ya shamba. Jina la Kipanga nimelisikia mara mbili, limekatika kati. Bimkubwa keshamaliza kofia.

Nnamwota Nassor kila nikilala mchana. Hagongi. Amesimama tu nje, kavaa jezi, na mimi nnamwona kana kwamba mlango ni kioo.

Jumanne, 5 Novemba

Khabari imekuja yenyewe. Jirani kamwambia Bimkubwa kwamba kuna mtu wa Funguni mjini, mtu wa mpira. Bimkubwa hakunilaumu kwa kutojua. Kasema tu, aje Ijumaa baada ya Sala, ale chakula. Anataka kumwuliza Nassor anakaa na nani.

Nna siku tatu. Lazima nijue kabla yake.

Alhamisi, 7 Novemba

Khalfan kaja kubadilisha bendeji. Nimemfunga mwenyewe, Mary akasimama dirishani. Kisha nikamwomba tukae nje kwenye benchi ya saruji kivulini, chini ya ukuta. Watu wanapita. Hakuna aliyetujali.

Nikamwuliza Kipanga anayecheza sasa ni nani.

Kasema ni kijana wa miaka kumi na tisa, mtoto wa fundi baiskeli. Anacheza upande ule ule wa Nassor, ndiyo watu wakampa jina. Yeye Khalfan ndiye aliyempa jezi namba saba. Alikaa nayo miaka mitatu bila ya kumpa mtu.

Sikulia. Nikamwuliza khabari za Nassor.

Kaniambia taratibu, akiangalia mguu wake. Siku ya pili ya mapinduzi, asubuhi, Nassor alipigwa risasi njiani, si mbali na uwanja. Khalfan na mwenzake walimkuta. Alikuwa keshakufa. Walimbeba mpaka nyuma ya msikiti mdogo wa Funguni. Mwenzake akabaki na maiti, Khalfan akaja kwetu kutafuta sanda na mtu wa damu yake.

"Niligonga," kasema. "Nikakuita wewe, kwa kuwa Baba yako sikuthubutu kumwambia mimi mwenyewe. Sikusikia mtu. Nikajua mmeshahama."

Nikamwuliza alikuja saa ngapi.

Baada ya Adhuhuri.

Nikamwambia tulikuwa ndani. Nikamwambia tuliogopa kufungua, na mimi baadaye nikadhani ni Nassor. Khalfan akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tukae.

"Hukumfungia Nassor mlango, Raya. Ulinifungia mimi."

Walimzika kwa shuka ya mkewe Khalfan, yenye maua. Hakukuwa na nyingine.

Nimekaa pale mpaka kivuli kikahama. Nimeondolewa kitu na nimenyang'anywa kitu, kwa mkono mmoja. Sijui nishike kipi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimemwambia kabla ya Khalfan kufika. Bimkubwa alikuwa keshavaa, keshatia udi chumbani. Kofia ilikuwa juu ya sinia, pamoja na haluwa.

Nimemwambia yote. Risasi, msikiti, shuka, mlango, sanduku la nguo, Baba. Na kwamba mwezi mzima nilimwambia ndiye, nami sikuwa na yakini. Sikupunguza hata neno.

Hakupiga kelele. Kakaa kitako sakafuni, polepole, kama anayetafuta mahali sahihi.

"Na nyinyi mlikuwa ndani."

"Tulikuwa ndani."

Kisha kauliza:

"Hiyo shuka. Ilikuwa safi?"

Khalfan alipofika nikamwuliza mbele ya Bimkubwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza. Khalfan kasema ilitoka kambani asubuhi ile. Ilikuwa bado ina harufu ya sabuni. Bimkubwa kaitikia kwa kichwa. Kamkaribisha chakula, kamtilia mchuzi kwa mkono wake, kamshukuru. Khalfan kala akilia, anajifuta uso kwa mkono wa kushoto.

Alipotoka, Bimkubwa kaingia chumbani na kufunga mlango.

Jumapili, 10 Novemba

Redio sikuifungua.

Bimkubwa hasemi nami. Nnampelekea chai, anakunywa. Nnampelekea maji ya kutawadha, anapokea. Ananitazama mikono, usoni hanitazami. Ni haki yake.

Jumatano, 13 Novemba

Khitma ya Nassor. Wanawake kumi na wawili, wengi hawakumjua. Juzuu zimegawiwa, zimesomwa, kahawa imenywewa. Miaka karibu mitano imechelewa. Mama mmoja wa Bawshar, mwenyeji wa hapa, kauliza mtoto alikufa kwa maradhi gani. Bimkubwa kajibu kwa Kiarabu, sauti imara: kauawa, kazikwa na watu wema.

Mara ya kwanza nnasikia akilisema neno hilo.

Walipoondoka nimechana ile barua. Mlango ukagongwa jioni, jirani kasahau bakuli lake. Nilikwenda kuufungua kabla sijafikiri.

Jumapili, 17 Novemba

Nimeosha nguo za Bimkubwa. Nimekata kucha zake, kaniachia mkono. Kucha kumi, hakuna neno.

Nimesikia kwa jirani kupitia ukuta kwamba Funguni wamefungwa tena. Sikujua kama nihuzunike. Nimehuzunika.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku ya kwanza ya kufunga. Ligi imesimama mpaka baada ya Sikukuu.

Futari nimepika uji wa mchele na mkate wa kumimina, kama kwetu. Tumekula pamoja juu ya paa, kuna upepo. Bimkubwa katafuna polepole. Milima imekuwa nyeusi nyuma yake.

Kaniuliza, bila ya kunitazama:

"Huyo kijana anayeitwa Kipanga. Ana mama?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia ntamwuliza Khalfan.

"Mwulize," kasema. "Na jina lake la kweli. Nataka nimwombee kwa jina lake."

Kisha kanisogezea sahani ya mkate, kipande cha mwisho. Nimekila.