Jina la Brayo kwenye Mwanzi

Jumapili, 4 Mei 1997

Nashona tangu nitoke kanisani. Samaki anakaribia kuisha. Mgongo ni mabaki ya sare za shule, tumbo ni kipande cha pazia. Macho nimeyafanya makubwa kupita kiasi. Kwenye katuni zangu kila kitu kina macho makubwa, na samaki naye asione wivu.

Kalenda ya Mwalimu Mjapani inaonyesha Mei hivyo: samaki wa nguo juu ya mlingoti, watoto chini wanacheka, tarehe tano imetiwa rangi nyekundu. Mwalimu alifundisha hesabu hapa shuleni ninapofanya ukarani. Aliporudi kwao aliniachia mashine ya video na kanda zake za katuni. Kila Desemba hunitumia kalenda. Maandishi yake siyajui. Kwenye kanda pia sielewi neno hata moja. Miaka mitatu natazama, hadithi najitungia mwenyewe. Siku ya kuondoka aliniuliza kama ninaelewa. Nikasema ndiyo. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemtundika kwenye mti wa kamba ya nguo. Upepo ulimwingia mdomoni akanenepa. Brayo wa mlango wa pili alimzunguka mpaka akaanguka kwa kizunguzungu. Ana miaka mitano na hajui kutulia. Mama yake alisema huyu ni ngege aliyepotea njia ya ziwa, akacheka hadi akaketi.

Dani, yaani bibi, mama wa mwenye plot hii tunayopanga, hakucheka. Aliuliza ni bendera ya kanisa gani. Nikasema ni ya watoto. Akauliza watoto wana bendera tangu lini, akaingia ndani.

Jumatatu, 2 Juni

Sikukuu ya Madaraka iliangukia jana Jumapili, kwa hiyo leo hakuna kazi. Nimetazama kanda ya msichana wa ufagio tangu asubuhi. Ana ufagio tu, na majitu ya chuma yanamkimbia. Haogopi kitu. Mimi naogopa radi, chifu, bata mzinga wa jirani na simu ya ofisini inapolia mkuu wa shule akiwa hayupo. Labda ndiyo maana nampenda.

Wimbo wa mwanzo ukianza, Brayo hugonga ukuta mara mbili. Nami hugonga mara mbili. Basi anajua aje. Anakalia mtungi wangu wa maji na kuyarudia maneno ya msichana vizuri kuliko mimi. Mama Brayo aliniuliza kama siku hizi nanena kwa ndimi. Nikamwambia ni katuni. Akasema afadhali, ndimi za mhubiri wake hazina hata muziki.

Siku nzuri. Umeme haukupotea.

Jumapili, 6 Julai

Kesho ni tarehe saba. Kwenye kalenda ni picha ya mwanzi uliofungwa vikaratasi vya rangi. Iko kwenye kanda pia. Msichana wa ufagio anaandika, anafunga karatasi, anatazama mbinguni, analia. Nilishaamua zamani kwamba wanaomba jambo. Analia kwa matumaini.

Huku kwetu Saba Saba ni mambo mengine. Redio inasema kutakuwa na maandamano ya upinzani, serikali inasema hayatakuwepo. Mkuu wa shule ametuambia mtu asisafiri. Nimenunua mkate na mishumaa.

Brayo ana homa tangu jana. Zahanati haina dawa. Mama yake atampeleka Homa Bay asubuhi.

Jumatatu, 7 Julai

Hakuna gari. Maduka yamefungwa. Lori la polisi lilipita kuelekea Migori, kila mtu akaingia ndani. Mama Brayo alisimama barabarani na mtoto mgongoni mpaka jua la utosi, akarudi. Brayo anawaka moto. Hakunitambua, au hakutaka.

Sikuwa na la kufanya. Nikakata karatasi. Nikaenda kwenye mianzi nyuma ya bafu, nikafunga moja ya mama yangu, moja ya kazi yangu, moja ya Brayo. Yake niliiandika jina kamili ili anayesoma huko juu asikosee: Brian Otieno wa Rongo, mlango wa pili. Apone. Arudi kugonga ukuta. Uzi niliokuwa nao ni mwekundu. Nilikaza fundo sana, upepo usiichukue.

Nilirudi nimejivuna. Eti nimesaidia.

Jumanne, 8 Julai

Brayo alishikwa na degedege alfajiri. Sijawahi kusikia mtu akilia kama Mama Brayo leo. Lori la miwa liliwachukua.

Baadaye nilienda kwenye mianzi. Karatasi ya mama yangu ipo. Ya kazi ipo. Ya Brayo haipo. Kijiti chenyewe kimekatwa kwa kisu, mahali pake ni peupe. Si upepo. Mtu alikuja, akasoma, akachagua.

Jumatano, 9 Julai

Nikiingia uani watu wananyamaza.

Dani alikuwa mlangoni kwake anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Nyar Uriri," akaniita, binti wa Uriri, "kule kwenu mnafunga jina ya mtu kwa miti?" Wote walisikia. Nikasema ni maombi. Akasema maombi iko na kanisa. Akaendelea na maharagwe yake.

Wiki yangu ya kwanza hapa nilisimuliwa habari za mtu fulani ng'ambo ya mto. Mtoto wa jirani aliugua, watu wakasema yule mtu aliokota mchanga wa unyayo wa mtoto ili amroge. Walimchomea nyumba akiwa ndani. Nilicheka wakati ule, nikasema hizo ni hadithi za kutisha wageni. Leo nimesukuma kitanda mlangoni.

Lakini hilo si baya zaidi. Jioni niliitazama kanda tena, bila sauti. Anaandika. Anafunga. Analia. Nyuma yake kuna wazee wameinamisha vichwa. Sikuwahi kuwaona hao wazee. Nilikuwa namtazama yeye tu.

Kama ni majina ya wafu je? Kama mwanzi ndipo wanapoandikwa walioondoka? Nani aliniambia ni matumaini? Hakuna aliyeniambia. Nilijitungia.

Nimemfungia mtoto aliye hai nisichokijua.

Alhamisi, 10 Julai

Kazini nimechapa barua moja mara nyingi na bado ina makosa. Mkuu wa shule aliuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Begi liko tayari chini ya kitanda. Uriri si mbali, mama hataniuliza kitu. Lakini nikikimbia nimekiri. Na Brayo akifa nikiwa Uriri, nitakuwa mtu gani?

Zile karatasi nyingine nimezifungua. Ya mama yangu kwanza.

Dani alikuja jioni. Nilisogeza kitanda kwa sababu alikuwa peke yake. Hakukaa. Alisema aliyefunga ndiye anafungua, kwa mkono wake, mbele ya mama wa mtoto. Mwingine akifungua haisaidii. Nikamwambia karatasi imechukuliwa. Alinitazama, nikaona hakuwa na habari. Naye akaogopa. Sikujua kama Dani anaweza kuogopa.

Jumamosi, 12 Julai

Homa Bay. Wodi ya watoto, wawili kwa kitanda, mama zao sakafuni. Mama Brayo nilimkuta bombani nje anafua shati dogo. Nilishukuru Mungu kwa lile shati. Hakuna anayefua nguo ya mtoto aliyekufa.

Aliponiona hakusalimu. Alipangusa mikono, akafungua fundo la leso yake. Ndani, kijiti cha mwanzi, karatasi, uzi wangu mwekundu. Ni yeye aliyekata.

"Hii kitu ni ya nini?"

Nikasema ya kuomba.

"Hapana. Kule imetoka. Huko ni ya nini?"

Nilikuwa na uongo tayari, nimeufanyia mazoezi njia nzima. Haukutoka. Nikamwambia sijui. Nikamwambia lugha yao sielewi, sijawahi kuelewa, katuni zote zile nilikuwa nakisia tu.

"Na ukaandika jina ya mtoto wangu."

Akasema aliiona usiku akienda bafuni, akaikata, akataka kuitupa ziwani akashindwa. "Kama ni mbaya, itazama na yeye. Kama ni nzuri, nimetupa uzima yake. Nikaishi nayo hivyo tu. Sikuiweka karibu na yeye. Sikuiweka mbali."

Siku zote hizi nilidhani ni mimi peke yangu ninayeogopa.

Tuliingia. Brayo alikuwa na maji ya dripu, midomo imekauka, macho nusu wazi. Alipita juu yangu kwa macho kama mimi ni ukuta. "Fungua," mama yake akasema. Fundo nililolikaza sana halikulegea. Vidole vilikataa, nikatumia meno. Kina mama wote wa wodi walitutazama. Uzi ulipoachia, Mama Brayo alichukua karatasi akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kwenye maneno ya kugonga ukuta kidole kilisimama.

Akaikunja akairudisha kwenye leso. Uzi akanipa mimi.

"Haya, enda nyumbani."

Jumapili, 20 Julai

Wamerudi. Brayo amekonda, shingo kama ya kifaranga. Madaktari wanasema ni malaria iliyopanda kichwani, na dawa ilifika kwa wakati. Dani anasema ni fundo. Nilikaa kitandani nikalia mpaka kichwa kikauma.

Mama Brayo ananisalimu. Salamu zote, za asubuhi na za jioni. Lakini mchana Brayo alifika mlangoni kwangu, akaweka mguu mmoja ndani, na mama yake akaita kutoka kwenye jiko. "Brayo. Kuja hapa." Hakupaza sauti. Mtoto akarudi. Afadhali angenitukana.

Yule samaki nimemkunja, nimemweka chini ya godoro.

Ijumaa, 1 Agosti

Shule imefungwa. Nimegeuza kalenda. Agosti ni taa za karatasi zinazoelea juu ya maji, nyingi, na watu wamechuchumaa ukingoni. Inapendeza sana. Sijui ni za nini. Nimeigeuza ikatazama ukuta.

Nimemwandikia Mwalimu kwamba sikuwahi kuelewa. Nimemwomba anieleze mwanzi. Barua bado sijaituma. Naogopa jibu pia.

Jioni niliweka kanda ya msichana wa ufagio. Sauti nilizima kabisa, Brayo asisikie, mama yake asipate wasiwasi. Nilikuwa naangalia midomo tu inavyocheza.

Akagonga. Mara mbili. Sijui alijuaje. Labda aliona mwanga chini ya mlango, labda alikuwa anagonga kila jioni na mimi nilijifanya kiziwi.

Sikujibu. Nilingoja mama yake amkataze. Yumo mle, nilisikia sufuria. Kisha sufuria ikanyamaza. Nikangoja tena. Hakusema kitu.

Nikagonga mara moja, kwa kidole.