Bei ya Picha Ambazo Hazijaguswa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na tena shikamoo, hiyo ya pili iweke akiba, maana kabla hujafika mwisho wa barua hii huenda ukaghairi kuniitikia ile ya kwanza.

U hali gani? Mguu je, bado unavimba ukisimama sana? Usiniambie haujambo, nakujua. Wewe hata ukivunjika mgongo utasema umelala vibaya tu. Na yule msimamizi wenu wa chumba cha kufulia, bado anapanga zamu kama anayegawa adhabu? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako anakusalimu sana. Saluni inakwenda, siku nyingine wateja wanagombea kiti, siku nyingine nasuka kichwa cha sanamu ili mkono usilale. Na nina habari: nina mimba ya miezi mitano. Umesoma sawasawa, usivue miwani kuifuta. Daktari anasema mtoto yuko salama, na mimi sina ninachoumwa isipokuwa viatu vyote vimenikataa.

Najua utashangaa kwa nini habari kama hii nimeiandika badala ya kupiga simu. Simu nimeishika mara nyingi, dada. Lakini una tabia moja kwenye simu: mtu akitaka kukiri jambo unamwahi, unasema yaliyopita si ndwele, kisha unauliza bei ya sabuni. Wewe ndiye uliyenibandika jina la Chiriku kwa wingi wa maneno, na bado kwenye jambo hili umekuwa ukinishinda kunyamaza na kuninyamazisha. Karatasi haikatizwi. Soma mpaka mwisho ndipo useme.

Tangu harusi yangu, miaka miwili sasa, hujakanyaga kwangu. Mara zamu, mara mguu, mara nauli imepanda. Nami nilijifanya kuamini. Nataka nikurudishe, dada, hilo ndilo ninalolitafuta katika kurasa hizi zote, na siwezi kulipata bila kukueleza kisa cha mpiga picha.

Wifi yangu, yule mdogo wa shemeji yako, anaolewa. Mwezi uliopita alikuja na mama mkwe kutazama albamu yetu ili aamue kama amchukue mpiga picha yule yule. Unamkumbuka? Mama wa makamo, mrefu, kofia haimtoki kichwani, watu wanamwita Tabasamu kwa sababu anawaambia wenzake watabasamu kutwa nzima na yeye hajaonekana jino. Basi wakafungua albamu, wakasifu gauni, wakasifu mwanga. Wakafika kwenye picha ile kubwa niliyokaa kitini na shada la maua. Mama mkwe akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye bega langu, akauliza huu mkono ni wa nani.

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara mia na sikuwahi kuuona. Mkono umekaa begani mwangu, vidole vinne na kidole gumba, na baada ya kifundo hakuna mtu. Picha imekatwa hapo.

Nikajibu papo hapo, unajua mdomo wangu haupigi hodi. Nikasema mpiga picha alichemsha, alikata picha ovyo, na nyingine nyingi aliziharibu, nikaona aibu tu kumdai. Wifi akashtuka. Kesho yake akamfutia Tabasamu kazi na kumweleza sababu. Baada ya wiki nikasikia na rafiki zake wawili waliokuwa wamepanga kumchukua wamegeuza nia.

Usiku sikulala vizuri, lakini nisijipambe, haikuwa kwa ajili ya Tabasamu. Ilikuwa kwa ajili ya mkono. Nilijua ni wa nani. Nikapekua albamu nzima, nikapekua na simu, nikagundua sina picha yako hata moja ya siku ile. Mtoto atazaliwa, ataota meno, siku moja ataniuliza mama mkubwa anafananaje, nami nitamwonyesha vidole vinne na gumba?

Kwa hiyo nikaenda studio. Ni chumba kimoja juu ya duka la vitasa, ngazi zimechakaa katikati, ndani kuna pazia la kijivu, taa mbili, na meza ambayo juu yake huwezi kuona hata chembe ya vumbi. Nikamwambia nataka picha zote za harusi yangu, zile mbichi, ambazo hajazisafisha wala kuzikata. Hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema picha mbichi hazitoki kwake. Nikamwambia ni za kwangu, sura ni yangu, harusi ni yangu. Akaniuliza, wewe si msusi? Nikasema ndimi. Akauliza kama ningekubali mteja atoke saluni kwangu kichwa kimesukwa nusu, nusu nywele zimesimama, halafu azunguke mjini akiwaambia watu mimi ndiye niliyemsuka.

Nikaona nihamie kwenye bei, huko ndiko nyumbani kwangu. Nikamwambia ataje. Akataja kiasi ambacho ningenunulia draya mbili mpya za saluni na kiti chake. Nikacheka kile kicheko chetu cha sokoni, nikakata mpaka robo. Hakucheka. Nikapanda kidogo, yeye hakushuka. Nikasema picha zimekaa miaka miwili, hata kitambaa kikikaa dukani miaka miwili kinapunguzwa bei. Akajibu kwamba kitambaa kikikaa kinachakaa, ila picha ikikaa watu wanakufa na bei yake inapanda. Nilipoona pesa hazisongi nikamwahidi kumsuka bure mwaka mzima, mtindo autakao. Akavua kofia. Kichwa kimenyolewa, dada, kinang'aa kama sahani. Hapo ndipo nikaona jino lake kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo akawa mpole kidogo, akaniuliza ninazitakia nini. Nikasema albamu imelowa maji. Hakubishana. Alivuta mtoto wa meza, akatoa daftari la jalada gumu, akalifungua mbele yangu na kuligeuza upande wangu. Yule mama anaandika kila agizo la mteja, na mteja anatia saini. Tarehe yangu ilikuwapo, na jina langu, na chini yake mwandiko wake uliosimama wima: dada wa bibi harusi, mwenye sare ya bluu, asionekane kwenye picha yoyote, zile ambazo amekwisha kutokea, akatwe. Kisha saini yangu, na mkia wake ule wa madaha.

Sasa umelijua, dada. Hakuchemsha mtu. Ni mimi.

Ulikuja ukumbini umechelewa, mwenzako wa zamu hakutokea mpaka saa tano, ukapanda basi na sare yako ya kufulia, mikono imekauka kwa dawa, umeshika viatu vyangu vya kubadilisha ambavyo nilikuagiza mimi mwenyewe. Uliponiwekea mkono begani nilisikia harufu ya ile dawa ya mashuka ya hospitali. Nikawaangalia wakwe zangu na nguo zao zilizopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo, nikaona haya. Nikakuonea haya wewe uliyenilea tangu mama alipofariki, uliyeacha shule ili mimi niendelee, uliyeninunulia sanamu yangu ya kwanza ya kujifunzia kusuka. Nikamnong'oneza Tabasamu. Na usidhani ilikuwa hasira ya dakika moja. Siku tatu baadaye nilikwenda kulipia, akanisomea agizo lile na kuniuliza kama bado ni hivyo. Nikasema ndiyo, nikatia saini.

Nilimwuliza kwa nini, wifi alipomtukana, hakutoa daftari. Akasema agizo la mteja ni siri ya mteja, hata mteja akiwa muongo. Kisha akanipa bei mpya. Pesa zangu hazitaki. Niende kwa watu wote niliowaambia amechemsha, niwaeleze ukweli kwa mdomo ule ule, na wifi akimpigia simu kuthibitisha, nije nichukue picha zote.

Dada, bei ile ya draya mbili ilikuwa rahisi. Nilizunguka nayo siku nne. Nilianza na shemeji yako, jioni, akiwa anamenya viazi. Alimaliza kumenya vyote bila kunitazama, akanawa, akasema tu kwamba kesho tutakwenda pamoja kwa mama. Tukaenda. Nilisema yote mezani, mbele ya wifi na mama mkwe, chai ikapoa. Wifi aliinuka akatoka nje kumpigia simu Tabasamu pale pale. Mama mkwe akauliza kama dada yangu ndiye yule mwanamke mwenye sare ya bluu. Nikaitikia; posa ilipokelewa kwa baba mdogo wewe ukiwa zamu, hakuwahi kukuona. Akasema siku ile alidhani ni mfanyakazi wa ukumbi, akamtuma achukue mkoba wake garini, na alipoletewa alimpa fedha kidogo za asante. Yule mwanamke alizikataa kwa adabu, akasema ni furaha yake. Hukuniambia hilo, dada. Mama mkwe akanitazama, machozi yanamlenga, akasema, umenifanya nimtume mzazi mwenzangu. Sijawahi kukaripiwa kwa sauti ndogo namna ile.

Juzi nikarudi studio. Tabasamu alizima taa kubwa, tukakaa mbele ya kompyuta. Nilitaka kuona sura yako tu, nichague, niondoke. Kumbe siku ile alikuwa na kamera mbili, moja mkononi na nyingine ameisimamisha pembeni juu ya stendi, inajipiga yenyewe kila baada ya sekunde chache. Hizo hakuwahi kunionyesha. Tukazipitia moja moja. Katika moja nimeinama kwenye sikio la Tabasamu, kidole changu kimenyooka kuelekea nyuma bila hata mimi kugeuka. Na wewe uko nyuma yangu hatua mbili, viatu vyangu mkononi, unanitazama.

Ulisikia.

Katika inayofuata viatu viko chini, vimepangwa vizuri ubavuni mwa kiti changu, na wewe hupo. Baada ya hapo Tabasamu hakuwa na haja ya kumkata mtu, maana kila kamera ilipogeuka ulikuwa umeshajiondoa. Ulikuwa nyuma ya nguzo, au mlangoni, au umeinamia sufuria. Lakini ile kamera ya pembeni ilikuona. Inakuonyesha unapokea sahani, unamfunga mjukuu wa baba mdogo kamba za viatu. Na wakati mimi na shemeji yako tunaingia kucheza, ukumbi mzima umekaa, ni mtu mmoja tu aliyesimama kule ukutani, mikono juu, anapiga makofi, mdomo wazi. Nadhani ulikuwa unapiga vigelegele. Dada, ulikwisha kusikia niliyoyasema, na bado ulinipigia vigelegele.

Nililia mpaka Tabasamu akaniletea kitambaa cha kufutia lenzi. Hakunifariji. Aliuliza kama nataka aisafishe kidogo ile ya makofi, maana imetoka na giza na nguzo imekula upande mmoja. Nikamwambia asiiguse.

Nimezifunga humu picha arobaini na tatu. Nyuma ya kila moja amegonga muhuri kwamba haijasafishwa, ili mtu asije akamsema tena. Wifi amemrudisha kazini, na rafiki zake wamerudi. Ile ya makofi nimeikuza, imetundikwa sebuleni kwetu, na mama mkwe alipoiona alikaa chini yake badala ya kiti chake cha siku zote.

Sikuombi useme yameisha, maana kwangu hayajaisha. Wala sikuombi uje. Hilo nilikosea miaka yote miwili, kukuita wewe uje, kana kwamba wewe ndiye uliyeondoka. Mkosaji ndiye anayefunga safari. Kwa hiyo Jumamosi, Mungu akipenda, napanda basi la alfajiri pamoja na mama mkwe; amekataa katakata kubaki, anasema ana neno lake na wewe, la mzazi kwa mzazi. Tutashuka mbele ya lango la hospitali na kukusubiri pale utokapo zamu. Usikimbilie kubadilisha nguo. Nataka nikukumbatie mbele ya wenzako wote, na sare yako, na ile dawa ya mashuka, nimwambie mama mkwe kwa sauti inayosikika mpaka kwa yule msimamizi wenu kwamba huyu ndiye mama yangu.

Nisalimie majirani, na yule mzee wa chumba cha pili anayekuchotea maji. Shemeji yako anasema atakupigia mwenyewe. Ukiniitikia shikamoo hata moja kati ya zile mbili, itanitosha.

Mdogo wako uliyemlea,
Chiriku