Kahawa Niliyomfungia Kemilembe

Igogo, Mwanza

Deo mwanangu,

Kama miguu yako imekatika niambie nije nikubebe. Tangu tulipomzika dada yako hujaikanyaga tena nyumba hii aliyoniachia. Meli inatoka Kemondo, asubuhi iko hapa, watu wanashuka na mikungu ya ndizi na kuku hai, ila mwalimu mkuu Deogratias hana nafasi. Kila nikiuliza, mitihani. Hao watoto wako wanafanya mitihani mpaka waote mvi?

Simu sipigi. Sauti yangu ikipanda kidogo unasema mtandao mbaya. Barua haina mtandao. Anayeandika ni jirani yangu Mama Pendo, nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinilainishie. Neno moja tu amekataa, nimemwachia. Utalisikia tukionana.

Haya, hujambo? Goti bado linakusumbua? Mkeo presha imeshuka? Ile migomba ya nyuma iliyoshikwa na mnyauko mmeing'oa, au mnaitazama tu mpaka iambukize shamba lote? Mimi ni mzima. Jicho la kushoto linatoa machozi, la kulia linaona vizuri, na limeona ulichonifanyia.

Unajua binti yako Kemilembe alikuja kwangu chuo kilipofungwa, afanye mafunzo ya vitendo katika ofisi ya wanamaji, ile inayosemezana na majeshi ya nchi jirani. Mvuvi wetu akivuka mpaka bila kujua, maana majini hakuna ukuta, akakamatwa upande wa pili, ofisi hiyo ndiyo inaandika barua, inapokea wageni, inakaa nao mpaka mtu arudishwe kwa watoto wake. Mtoto aliipenda kazi hiyo, Deo. Asubuhi amepiga pasi shati jeupe, anasimama jikoni mimi namenya ndizi, ananisomea vyeo vya wageni asije akamkalisha mdogo mbele ya mkubwa. Mpaka mimi navijua. Kanali yuko juu ya meja, usinidanganye.

Sasa siku moja akaniambia kesho wanakuja wageni kutoka Uganda kwa ajili ya wavuvi walioshikwa, na mkubwa wao ana jina kama la kwetu Wahaya. Nikafurahi, maana huko nako kahawa inatafunwa. Nikatoa kahawa ya kutafuna, ile ya miti ya marehemu baba yako, niliyoichemsha na majani yake na kuianika mwenyewe. Nikaiweka kwenye kikapu kidogo chenye mfuniko, nikamfungia kwenye mkoba. Nikamwambia, mgeni akishakaa, mpe kwa mikono miwili.

Hapo nilikosea mimi. Sikumwambia atafune yeye kwanza. Nani anaambiwa jambo hilo? Mwenye nyumba anachukua punje, anatafuna mgeni akimwona, ndipo mgeni ananyoosha mkono akijua hapa hakuna sumu. Mimi nilijua kuanzia mgongoni kwa mama yangu. Wewe ulijua kabla hujajua kuvaa kaptula. Nikadhani mtoto wa Deo anajua. Kumbe mtoto wa Deo alipelekwa bweni akiwa na miaka saba, likizo akifika nyumbani ni masomo ya ziada, wageni wakija anaambiwa aingie ndani akasome.

Basi alimpelekea yule mkubwa kikapu kwa mikono miwili, akapiga goti vizuri kabisa. Mgeni akatabasamu, akangoja. Kemi naye akangoja. Mgeni hakunyoosha mkono, na hakusema kitu, kwa sababu mgeni hamfundishi mwenyeji kwake. Bosi wake Kemi, afande mmoja mtu wa Tanga, akaona mkono wa mgeni haugusi. Akasogea, akauliza hivyo ni vitu gani. Kemi akamwambia ni kahawa ya bibi yake. Yule akasema kahawa inanywewa, hii ni nini. Akakichukua kikapu changu mbele za watu, akakifungia kabatini.

Mpaka saa za kutoka, ofisi nzima inasema binti wa Kihaya ameleta dawa kuwalainisha wageni. Tangu hapo anakaa kwenye benchi la nje. Hapewi barua wala jina la kuandika. Na kitabu chake cha mafunzo afande hajakisaini. Asiposaini, chuo hakimhesabii, anarudia mwaka.

Hayo yote ningeyameza. Yule mtu wa Tanga hakulelewa na kahawa, aliogopa, na kazi yake ni kuogopa kwa niaba ya wengine. Kilichonichoma ni wewe.

Afande alikupigia kuuliza, kwa kuwa jina la mzazi kwenye fomu ni lako. Ameweka spika, mtoto amesimama pale pale. Ukamwambia hivi, maana Kemi alinirudishia maneno yako yote: "Tusamehe, afande. Mama yangu hakusoma, ni mambo ya kishamba hayo. Mimi mwanangu sikumlea hivyo."

Mtoto alirudi hajalia. Akavua viatu, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Bibi, kumbe baba haijui kahawa?"

Nimjibu nini, Deo? Nimwambie baba yake alipofaulu kwenda chuo cha ualimu alitafuna kahawa na kila mzee wa kijiji, akizunguka na kikapu mwenyewe, kifua mbele? Nimwambie ukweni kwa mama yake kikapu hicho ndicho kilitangulia? Nilimwambia baba anaijua. Akaniuliza tena, basi mbona amesema vile. Nikainuka nikamtafutia chakula.

Ni kweli sikusoma. Uliposoma wewe nani alikuwa anapalilia? Sikukuambia jambo hilo hata siku moja, leo nimelisema kwa sababu umelianza.

Kesho yake nikavaa kitenge changu cha misa nikaenda. Mlinzi wa getini akaniambia bila barua siingii. Nikamwambia sijui kuandika barua, najua kukaa, nikakaa pale chini. Afande alitoka mwenyewe, nadhani aliona aibu. Aliniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikamjibu marahaba. Nikamweleza tangu mwanzo mpaka kosa langu. Nikatoa punje kwenye upindo wa kitenge, nikatafuna akiniangalia, nikampa moja. Aliipokea, akaitia mfukoni.

Akasema, "Bibi, mimi nina maneno mawili mezani. Mwalimu mkuu anasema ushamba, wewe unasema heshima. Niandike lipi?"

Nikamwambia aandike la aliyeifunga kahawa.

"Wewe hauko kwenye fomu, bibi."

Hakusema kwa dharau. Alisema mzazi aliye kwenye fomu akija akalisema tofauti kwa mdomo wake, yeye atasaini na mtoto atarudi mezani. Kwa simu hataki tena, alishaisikia simu yako. Siku za mafunzo zimebaki nane. Kemi hajui kama nakuandikia. Kila asubuhi anapiga pasi shati lile lile na kwenda kukaa kwenye benchi.

Usifikiri nimekutupa. Mwanangu ni wewe, hata ukinikana mbele ya jeshi zima. Nimekuwekea samaki wakavu, na shuka la kitanda cha dada yako nimelifua. Lakini nimekasirika, na Mama Pendo ni shahidi, ananiambia nipumue.

Msalimie mkeo, umwambie dawa ameze hata siku asiposikia kichwa. Msalimie kaka yangu Pastori anayeangalia kaburi la baba yako, na katekista Longino, na dada wa mkeo aliyejifungua mapacha, awafunike vizuri na baridi hiyo. Mbuzi wangu mweusi asiuzwe.

Ni mimi mama yako Adelina, nisiye na jina kwenye fomu.

Barua hii nimemkabidhi mtu wa meli, kesho iko mkononi mwako, kwa hiyo panda meli inayofuata. Ukishuka bandarini usije kwangu kwanza. Nenda na begi lako mpaka kwenye lile geti, umwombe afande amwite Kemilembe asimame pale pale aliposimama siku ile, useme mama yako ni nani na amekulea vipi. Akishasikia mtoto, mje wote wawili mle.