Sahani ya Mjane Niliyoisoma Vibaya Miaka Kumi na Tisa

Mama Julie wa redio,

Nakusikiliza kila Jumamosi nikifua nguo, na sikuwaza kwamba siku moja miye pia nitakuandikia, lakini nisaidie, maana nimeona kitu kikubwa na sijui nikishike vipi.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa katika sekondari moja hapa Likasi, na kila mwaka nasomesha mchezo uleule wa zamani, wa mjane anayemwandalia marehemu mumewe sahani ya chakula kila jioni, na kila mwaka naandika ubaoni jibu nililofundishwa mwenyewe, kwamba sahani ni alama ya wazimu, wanafunzi wananakili, tunapita. Mwaka huu Hadassa, msichana mkimya, akainua mkono: « Madame, ule mama haiko na wazimu. Anaweka sahani sababu ya mama mukwe wake, mwenye angali anangoya mutoto wake arudie. Mu nyumba ya kungoya, mwenye anaacha kungoya wa kwanza, bantu bote banaona ni ye alimuua. »

Darasa likacheka, nami nikamjibu kwa ukali kwamba kitabu hakisemi hivyo, nikampa alama mbili juu ya kumi mbele ya wote. Mwenzangu Constantin ndiye aliyeniambia baadaye kwamba baba yake Hadassa alishuka katika shimo la madini kule Kambove mwaka jana, udongo ukaanguka, na mwili haujatolewa hadi leo.

Nikarudi nyumbani nikakisoma kitabu sawasawa, nikahesabu kwa kalamu, Mama Julie: mjane anaweka sahani ile mara saba, na mara zote saba mama mkwe yupo, ila siku moja tu bibi huyo anakwenda msibani, na siku hiyo meza inaandaliwa bila sahani ile, na mjane anaimba, wimbo ambao miaka yote nimeuruka kwa kuwa hauulizwi kwenye mtihani! Nilisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeingia kanisani. Mwandishi alikufa zamani, katika nchi isiyojua hata jina la Likasi, na mtoto wa hapa akamwelewa kwa mara ya kwanza kusikiliza.

Sasa ni wiki tatu Hadassa hainui mkono. Mume wangu Nicolas anasema, « Achana nayo. Mwalimu akijikana mara moja, darasa limekwisha. » Na mtihani wa serikali unataka lile jibu la wazimu. Natamani pia kumwita nimuulize habari za baba yake, nimfariji. Nifanye nini?

Angèle

*

Angèle dada yangu,

Wimbo huo umenisisimua mwili mzima, nami sijakiona kitabu chenyewe. Lakini wiki tatu! Wewe unamsifu mtoto kwangu na kwa mumeo, na yeye mwenyewe hujamwambia neno?

Kosa lako si kutojua. Ulisikia jambo jipya ukalipiga kabla ya kufungua kitabu. Hadassa alijua kwa nini mtu huandaa sahani ile. Wewe umepata kurasa zinazomshuhudia. Hayo mawili pamoja ndiyo kusoma. Wafundishe hivyo: jibu wanalolisubiri wasahihishaji ni hili, na ukitaka kulipinga, onyesha mstari.

Habari za baba yake, usimuulize. Alizungumza juu ya kitabu. Mheshimu kama msomaji. Siku akitaka kulia, atamchagua mwenyewe wa kulia naye. Na Nicolas mpe salamu zangu, umwambie darasa limekwisha siku ile mtoto alipoacha kuinua mkono.

Jumatatu usimwite pembeni. Ulimwaibisha mbele ya wote, basi simama mbele ya wote, useme, « Nilikosea, Hadassa aliona. » Futa zile mbili kwa kalamu yako. Kisha muulize swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake, unyamaze, umpe muda.