Modeli ya mkono wa Mama Neema

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumanne, 14 Julai. Mwaka wa ishirini na sita tangu tutoke Uvira, Kongo. Baridi, upepo wa vumbi, na kinyaa ambacho hata chai haikukishusha.

Anayenitia kinyaa zaidi ni mimi mwenyewe.

Mke wangu, Mama Neema, ni fundi cherehani. Tangu apatwe na kiharusi mwaka jana, mkono wake wa kuume haufuati mstari. Niliposikia kuna watafiti wa mikono ya namna hiyo, waliopanga nyumba Chilinde, Lilongwe, nilimpeleka, nami nikawa mkalimani. Walisema wanataka kutengeneza modeli ya mkono wake.

Nilijua maana yao: hesabu ndani ya kompyuta, inayoiga jinsi ubongo unavyobashiri mkono utafika wapi, unavyopima umekosea kiasi gani, kisha unavyojirekebisha. Ni hesabu nzuri, nakiri. Lakini kwa fundi wa kwetu modeli ni ile picha ya gauni ukutani: mteja akishaichagua, nguo inashonwa. Niliona uso wake ukichangamka, nikaliacha neno lipite.

Mara nne ameushika mpini wa mashine yao. Mashine inausukuma mkono kando, yeye anashindana nayo hadi mstari unyooke. Leo wakaondoa msukumo bila kumwambia. Mkono ukaruka upande wa pili. Mtafiti, binti mwenye adabu, akapiga makofi: kosa lile ndilo ushahidi kwamba ubongo ulikuwa umejifunza.

Mama Neema naye akacheka. "Baba Neema, umuulize: modeli imeisha? Banashona mukono yangu lini?"

Nikatafsiri. Binti akanitazama mimi, si yeye. Hapa hatutibu, mzee, akasema. Hilo limo kwenye karatasi aliyotia sahihi. Alhamisi tungependa kupima mkono unasahau kwa kasi gani.

Kusahau!

Ilinibidi nimweleze pale pale, mbele ya mashine, modeli yao ni nini hasa. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaza kitenge chake kwa mkono wa kushoto.

"We, na bitabu byote unasoma," akasema, "neno moja tu ikakushinda?"

Halikunishinda. Nililificha, kwa kuwa nilitaka aamke na tumaini asubuhi moja moja. Hilo sijamwambia, naliandika hapa kwa sababu najua hasomi.

Alhamisi watatungoja Chilinde. Sitarudi, wala sitampeleka.