Viatu vya Isoru Mwambani

Rubafu, Jumatano

Kwa ndugu Kivuli wa Muleba,

Nakusalimu kwanza, ugomvi wetu utafuata. Hujambo? Kile kikohozi ulichokilalamikia kundini kimepungua? Huku kwetu tu wazima, ila mvua imetuchelewesha kuanika kahawa. Mimi ndiye Binti Gomba, yule mbishi wa kundi letu la simu la wapenda anime, zile katuni za Kijapani. Uliniomba mchoro wa Isoru, nami nautuma dukani kwa Maimuna kama ulivyoelekeza. Barua nimeikunja ndani yake, maana ujumbe wa simu ungeufuta bila kuusoma.

Nikuambie ukweli, nimekuwa nikikushuku. Tangu tuitazame sehemu ya mwisho ya filamu ya Isoru, kundi halina amani. Mashua imezama, rafiki yake Isoru ameopolewa maiti, kisha tunaonyeshwa viatu vya Isoru juu ya mwamba na mama yake akifunika bakuli la wali. Basi, imeisha! Audax wa Bukoba, mwenye kundi, anasema Isoru kafa, na anayebisha aende akaombewe. Nancy anasema watengenezaji wamefanya kusudi ili tuendelee kugombana. Wewe peke yako ulishikilia kwamba yu hai, kwa kuwa aliyezama havui viatu akavipanga.

Nilikuuliza, kama yu hai, mbona harudi kwa mama yake anayemlilia. Ukajibu kwamba hana uso wa kupita mlangoni kwa mama wa rafiki yake, yeye akiwa mzima na mwenzake yuko kaburini. Audax alicheka, akasema hayo hayamo kwenye filamu. Mimi sikucheka. Nilijiuliza huyu Kivuli ameyatoa wapi.

Kisha ukakosea. Uliandika kwamba kila jioni mama yake Isoru humkwangulia ukoko. Nikairudia sehemu ile, nikaikodolea macho. Hakuna ukoko! Mama anafunika bakuli tu, wali mweupe kabisa. Nyumba ambamo mama hukwangua ukoko wa wali akamwekea mwanawe naijua moja, na mwana huyo aliondoka Kemondo kwa mtumbwi pamoja na Ishengoma, upepo ukawapindua. Ishengoma tulimzika. Mwingine hatukumpata.

Mujuni, nilikaa chini nikalia, nikakasirika, nikalia tena. Binti Gomba ni mimi, Kokwijuka, dada yako. Nilijificha nyuma ya jina kama wewe, ila mimi sikumliza mtu.

Sasa sikiliza. Jumamosi wazee wanataka kuzika mgomba badala yako, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Baba mdogo Rwegasira ameshauchagua, ule ulio karibu na kaburi la babu. Mama anakataa, na watu wanasema huzuni imemchanganya. Sijamwambia kitu, kwa sababu kama nimekosea nitakuwa nimemuulia mwanawe mara ya pili.

Lakini liko jambo usilolijua. Juzi Ma Anatolia, mama yake Ishengoma, alikuja kwetu. Nikadhani amekuja kuhimiza mazishi. Aliketi, akatafuna punje za kahawa alizokaribishwa nazo, kisha akawaambia wazee kwamba yeye mwanawe alimwona kwa macho yake, na wao wasizike wasichokiona. Akasema kama Mujuni yuko popote, arudi, tena aanzie kwake kabla ya kwetu. Hana la kumlaumu. Anataka mtu wa kumweleza Ishengoma alisema nini mwisho, na mtu huyo ni mmoja tu duniani.

Kwa hiyo mlango uliokuwa ukiuogopa ndio unaokungoja.

Wasalimie waliokuhifadhi huko, wape shukrani zetu hata kama sijui majina yao. Mama hajambo kiasi chake. Ukoko wa leo nimeula mimi, kwa hasira. Wa Jumamosi ni wako.

Dada yako anayekupenda na kukukasirikia,
Kokwijuka