Ugomvi Wako, Ndoa ya Neema

Sundbyberg, Stockholm

Kaka Elia,

Shikamoo. Hiyo nimeitoa kwa sababu mama alinilea hivyo, si kwa sababu umeistahili. Magoti ya mama yanaendeleaje? Na kifua cha mwanao mdogo kimetulia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, na tangu nisikie ujumbe wako wa sauti sijalala vizuri kwa hasira.

Eti umeamua mdogo wetu Neema aolewe na mtoto wa Mzee Jonasi ili ugomvi wa mpaka wa shamba uishe. Eti, "Dada, huu ndio uaminifu kwa ukoo." Uaminifu! Wewe? Aliyeng'oa miti ya mpaka ni nani? Aliyemvunja mkono kijana wao kwa mpini wa jembe ni nani? Neema wakati huo alikuwa chuoni anajifunza ualimu, hata habari hana. Sasa ndiye wa kupelekwa akalale kwa watu uliowaumiza wewe, na wewe ubaki nyumbani unakunywa chai. Kaka, huna haya hata kidogo.

Unajua ninachosoma huku: tenzi za mashujaa za Waingereza wa kale kabisa, watu wa panga na ngao. Ulinicheka kwamba nimevuka dunia nzima kwenda kusoma habari za Wazungu waliokufa. Haya, sikiliza, maana habari hizo zinakuhusu. Mle ndani ukoo ndio kila kitu. Mjomba akianguka vitani, mpwa wake hakimbii, anafia palepale ubavuni mwake. Ndugu akiuawa, ndugu analipiza. Asiye na ndugu anatangatanga baridini hana pa kuegemea, na aliyewakimbia wenzake jina lake linanuka mpaka leo.

Wiki iliyopita mwalimu wetu, mama mmoja Mswidi mpole, alitueleza kuhusu wanawake wa tenzi hizo. Koo mbili zikichinjana, msichana wa huku anaolewa kule ili watu watulie. Wakampa na jina la kubembeleza: mfuma amani. Mwenzangu mmoja akasema, "Jina zuri sana hilo." Nikamwuliza, "Zuri kwa nani?" Maana amani yenyewe haidumu. Karamu moja tu, mtu anamkumbuka marehemu wake, panga zinatoka, na mwanamke anabaki katikati, anamlilia kaka yake upande huu na mwanawe upande ule. Mwalimu akanigeukia: "Na kwenu je, ukoo bado una nguvu hivyo?" Darasa zima likanikodolea macho. Nikajibu, "Kwetu kuna kaka mmoja anayedhani ana nguvu." Wakaandika kwenye madaftari yao.

Jumamosi nikaenda Tumba, kitongoji cha pembeni mwa jiji hili, kwa Mama Furaha, yule Mkongo wa Uvira anayenisuka nywele. Nikamsikilizisha sauti yako. Akaacha kusuka. "Yeye ndiye alipiga watu, na dada ndiye analipa? Aka! Aende yeye mwenyewe aolewe kule!" Binti yake akadakia kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba huku mtu kama wewe angechukuliwa na polisi. Tulicheka, kaka. Tulikucheka wewe.

Wale mashujaa walikuwa wajinga wa kumwaga damu, lakini angalau wengi wao walikufa kwa ugomvi wao wenyewe. Wewe hata hilo limekushinda. Unataka sifa ya kusimamia ukoo, ila gharama aibebe msichana. Nenda mwenyewe kwa Mzee Jonasi ukaombe radhi. Panda upya miti uliyong'oa. Na mkono wa kijana wao usipopona mpaka msimu wa kuchuma kahawa, kachume wewe. Hapo nitaamini kwamba unaupenda ukoo. Mengine yote ni woga, na nakudharau kwa woga huo.

Nisalimie mama, mwambie soksi za sufu ziko njiani. Msalimie shemeji, anayekuvumilia sijui kwa nini. Mjomba wetu mkubwa naye, aliyekaa kimya siku ulipotamka jambo hili, mpe salamu, lakini nusu.

Najua umekasirika kwamba barua yako unaisikia badala ya kuisoma. Nimeituma kwa baba mdogo makusudi, aisome kwa sauti kikaoni, mbele yako, mbele ya Mzee Jonasi na mbele ya Neema mwenyewe. Baba mdogo, shikamoo, unisamehe kwa kukutia maneno makali mdomoni. Sasa ikunje. Mtazame Neema, umwulize anataka nini, maana tangu jambo hili lianze hakuna aliyemwuliza. Halafu wote mnyamaze mpaka ajibu.

Ni mimi, dada yake Neema,
Tumaini